Mdundo wa Saa 24 wa Kemikali za Ubongo Unapopotea au Kupotoka: Mwongozo wa Kutafuta Chanzo Maabarani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi wa maabara, wanafunzi wa shahada za juu na watafiti wanaopima melatonini, serotonini, dopamini na homoni zinazoambatana nazo katika wanyama wa maabara, kwa nyakati mbalimbali za usiku na mchana, kisha wakajikuta na grafu isiyoeleweka: mstari ulionyooka mahali palipotarajiwa kilele, kilele kilichotokea saa zisizo zake, au mdundo mzuri kupita kiasi ambao haupatikani tena jaribio linaporudiwa.

Karibu kila kitu katika jengo la wanyama kina ratiba yake ya siku. Taa zina ratiba, mfanya usafi ana ratiba, chakula kina ratiba, na mkono wa anayechukua sampuli nao una ratiba. Chochote kati ya hivyo kinaweza kuandika mdundo wake juu ya ubongo wa mnyama au kuufuta ule wa asili. Ndiyo maana, kabla ya kumtilia shaka mnyama, inafaa kujiuliza muda uliopimwa ni wa nani: ni wa saa ya mwili wa mnyama, ni wa taa, au ni wa kazi ya mpimaji mwenyewe. Wanyama hufa kwa ajili ya vipimo hivi, na jaribio lililoharibiwa na taa ya kiyoyozi limewagharimu maisha bure. Kwa sababu hiyo nahimiza ukaguzi huu ufanywe kabla ya jaribio wala usisubiri matokeo mabaya.

Katika maelezo yanayofuata, neno "panya" ni Rattus norvegicus, na "kipanya" ni Mus musculus. Alama ya ZT, inayotumiwa na watafiti wa fani hii duniani kote, huhesabu saa tangu taa zilipowaka: katika ratiba ya saa 12 za mwanga na saa 12 za giza, taa huwaka ZT0 na huzimwa ZT12.

Dalili: kilele kimesogea kwa saa kadhaa kamili

Kilele kikisogea kwa saa 6 kamili, au kundi moja la wanyama likipingana na jingine kwa tofauti hiyohiyo, anza na daftari. Katika maabara zetu za Afrika Mashariki si ajabu fundi mmoja kuandika "saa 2" akimaanisha saa mbili asubuhi, na mwenzake kuandika "2:00" kwa kufuata saa ya kompyuta, yaani saa nane usiku. Tofauti hiyo ni robo nzima ya mzunguko, na inatosha kukifanya kilele kionekane kama kiwango cha wastani. Tiba yake ni kuandika ZT pekee katika jedwali la matokeo, na saa ya ukutani ibaki katika daftari la kazi kwa mfumo mmoja uliokubaliwa na wote. Anayepanga taa ziwake saa 12 kamili asubuhi hupata nafuu kubwa, kwa kuwa saa za mchana za Kiswahili huwa ndizo ZT zenyewe: saa 3 asubuhi ni ZT3, saa 9 alasiri ni ZT9, na usiku huongezwa 12 tu, hivyo saa 4 usiku ni ZT16.

Tofauti ya saa 2 au 3 mara nyingi hutoka kwenye vyombo. Kompyuta inayohesabu mizunguko ya gurudumu la kukimbilia huweza kuwa imewekwa katika saa ya UTC, yaani saa ya rejea ya dunia, ambayo iko nyuma ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa saa 3, na nyuma ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi kwa saa 2. Na kama sampuli au wanyama wametoka Ulaya, kumbuka kwamba huko saa husogezwa mara mbili kwa mwaka. Mnyama aliyesafirishwa kutoka kwenye ratiba nyingine ya mwanga asitumiwe kabla ya kukaa wiki 2 hivi katika ratiba mpya.

Dalili: melatonini haionekani, mchana wala usiku

Ikiwa wanyama ni vipanya wa ukoo wa C57BL/6, ambao ni miongoni mwa wanaofugwa zaidi maabarani, usitafute kosa kwenye mashine. Melatonini hutengenezwa katika tezi ya pineali kutokana na serotonini, kwa hatua mbili, na hatua ya kwanza hutegemea kimeng'enya kinachoitwa AANAT. Mwaka 1998 ilielezwa kwamba vipanya wa C57BL/6 wana kasoro katika jeni ya kimeng'enya hicho, inayowafanya watengeneze kimeng'enya kilichokatika kisichofanya kazi yake. Saa ya mwili ya vipanya hao ni nzima kabisa. Hukimbia kwenye gurudumu usiku baada ya usiku kwa utaratibu wa kuaminika. Wanachokosa ni kemikali moja, na anayepima kemikali hiyo ili kujua kama saa yao inafanya kazi amechagua kipimo kisichoweza kumjibu.

Vipanya wa ukoo wa C3H hutengeneza melatonini, lakini wengi wao wamerithi kasoro ya retina iitwayo rd1, ambayo huua chembe za kuonea gizani wiki chache baada ya kuzaliwa. Hata hivyo hawapotezi uwezo wote wa kufuata taa, kwa sababu ndani ya retina kuna seli nyingine zenye melanopsini, zinazohisi zaidi mwanga wa buluu wa karibu nanomita 480, na hizo ndizo zinazopeleka habari za mchana kwenye saa kuu ya ubongo. Mtafiti anayetaka kuchunguza athari ya mwanga juu ya melatonini atafanya vyema kutumia panya au hamsta, au ukoo wa C3H uliosafishwa kasoro ya rd1.

Lipo pia kosa la matarajio. Wapo wanaodhani kwamba mnyama anayelala mchana atakuwa na melatonini nyingi mchana, kwa kuwa kwetu sisi binadamu homoni hiyo huhusishwa na usingizi. Sivyo. Melatonini hupanda usiku kwa mnyama anayelala usiku na kwa anayekesha pia. Ushahidi mzuri wa jambo hili ni panya wa nyasi wa Afrika, Arvicanthis niloticus, ambaye huzunguka mchana. Kundi linalofugwa katika Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani lilianzia kwa panya waliotegwa Kenya. Kwake yeye kama ilivyo kwa panya wa kawaida, melatonini ni ya usiku. Kemikali zinazoambatana na kuwa macho ndizo zinazogeuka upande.

Dalili: melatonini ya usiku ipo, lakini ni ndogo au inatofautiana sana kati ya mnyama na mnyama

Hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa sababu chanzo hiki kimeharibu kazi nyingi kuliko kingine chochote ninachokijua: giza ambalo si giza.

Kazi ya AANAT katika pineali ya panya hupanda usiku kwa makumi ya mara kuliko mchana. Taa ikiwashwa katikati ya usiku, nusu ya kazi hiyo hupotea ndani ya dakika 3 hadi 4 hivi. Maana yake ni kwamba mtu anayefungua mlango, akawasha taa ya ukumbi, akahangaika kutafuta mkasi, kisha akamchukua mnyama wa kwanza baada ya dakika 10, amekwisha kufuta sehemu kubwa ya alichokuja kupima. Mnyama aliyekuwa karibu na mlango atakuwa na kiwango kidogo kuliko aliyekuwa rafu ya nyuma, na takwimu zitaonyesha mtawanyiko ambao mwandishi atauita tofauti za kimaumbile.

Si lazima taa iwe kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu panya wenye uvimbe wa saratani ulionyesha kwamba mwanga wa luksi 0.2 tu (luksi ni kizio cha ukali wa mwanga) uliovuja wakati wa giza ulitosha kuvuruga wanyama hao na kuharakisha ukuaji wa uvimbe. Vipima-mwanga vingi vya bei nafuu havisomi chini ya luksi 1, hivyo sifuri kwenye kioo cha chombo haithibitishi giza.

Njia ya kukagua ni hii. Ingia chumbani wakati wa giza, funga mlango, kaa kimya kwa nusu saa hadi macho yazoee, kisha inama hadi usawa wa macho ya mnyama katika kila rafu na uangalie. Utashangaa kwa yatakayojitokeza: kitaa cha kijani cha kiyoyozi, tarakimu za kipimajoto, mstari wa mwanga chini ya mlango, kioo cha mlango kilichobandikwa karatasi iliyochubuka pembeni, kompyuta ya kurekodi gurudumu iliyoachwa wazi, na kibao cha njia ya dharura. Ziba kila kimoja kwa utepe mweusi, au kitoe nje kama sheria za usalama zinaruhusu. Kisha washa taa za mchana na upime tena, maana vizimba vya juu huweza kupata mwanga mwingi mara kadhaa kuliko vya chini, na wanyama wa rafu ya chini kabisa huwa kama wanaoishi jioni ya kudumu. Zungusha nafasi za vizimba, au sambaza kila kundi la jaribio katika rafu zote.

Taa nyekundu husaidia, lakini inaaminiwa kupita kiasi. Panya na vipanya hawana chembe za retina zilizolengwa kwa rangi nyekundu, ila mwanga mwekundu ukiwa mkali bado huwafikia kwa njia ya chembe nyingine. Uwe hafifu, uelekezwe mezani wala si vizimbani, na utumike kwa muda mfupi.

Dalili: mdundo upo lakini husogea wiki hadi wiki

Kagua taima na historia ya umeme. Taima ya diski inayozungushwa na mota husimama umeme unapokatika, na umeme ukirudi huendelea pale ilipoishia. Mkato wa saa 2 utafanya taa zizimwe saa 2 baadaye kuliko jana, na kila siku inayofuata itakuwa hivyo mpaka mtu agundue. Tumia taima ya kielektroniki yenye betri, na uweke chumbani kifaa kinachorekodi mwanga mfululizo, kwa kuwa kumbukumbu ya mlinzi wa zamu haitoshi.

Jenereta nayo ina hatari yake. Baadhi ya majengo yameunganishwa kwa namna ambayo taa zote huwaka kwa dakika chache wakati wa kubadilisha chanzo cha umeme. Mwanga wa namna hiyo ukitokea mwanzoni mwa usiku huichelewesha saa ya mwili, na ukitokea karibu na alfajiri huiwahisha. Ukiona tukio kama hilo katika rekodi, ahirisha uchukuaji wa sampuli kwa wiki moja na nusu hadi 2.

Dalili: serotonini au dopamini imenyooka saa zote 24

Mara nyingi kipimo ni sahihi, ila kimeulizwa swali lisilofaa. Mtafiti amesaga ubongo mzima, au kipande kikubwa chake, akapima jumla ya serotonini. Sehemu kubwa ya serotonini hiyo imehifadhiwa ndani ya vifuko vya neva, ikisubiri kutolewa, na akiba hiyo hubadilika kidogo tu. Kupima kina cha maji ndani ya tangi hakukuambii kama bomba limefunguliwa. Anayetaka kujua utumikaji wa kemikali apime pia mazao ya uvunjwaji wake, yaani 5-HIAA kwa serotonini na DOPAC kwa dopamini, kisha alinganishe uwiano. Au atumie mikrodayalisisi, inayovuta kemikali iliyo nje ya seli.

Mahali nako kuna uzito wake. Katika tezi ya pineali, serotonini huwa juu mchana na hushuka usiku, kwa sababu usiku hutumiwa kutengenezea melatonini. Katika maeneo mengine mengi ya ubongo wa panya, serotonini iliyo nje ya seli huwa juu zaidi usiku, wakati mnyama yuko macho, na hupungua anapolala. Kemikali ni moja, nyakati mbili zinazopingana. Ukivichanganya vipande hivyo katika kichupa kimoja, utaupoteza mdundo ulioutafuta. Upinzani huohuo unaweza kukufaa kama kipimo cha uhakika: katika pineali ya panya, sampuli za usiku zenye melatonini nyingi zinapaswa kuwa na serotonini kidogo. Zikipanda zote mbili pamoja, tafuta kosa katika utenganishaji au katika vitambulisho vya vichupa.

Dalili: mdundo mkubwa wa adenosini, asetilikolini au kotikosteroni unaotia shaka

Adenosini na asetilikolini hubadilika ndani ya sekunde chache baada ya mnyama kufa, kwani vimeng'enya huendelea na kazi wakati damu imekwisha simama. Sasa fikiria tofauti ya mazingira ya kazi: mchana fundi anaona vizuri na hutoa ubongo haraka, usiku, chini ya taa nyekundu hafifu, huchelewa. Ucheleweshaji huo hujirudia kila usiku, na kwa hiyo hutoa mdundo wa saa 24 usio na uhusiano wowote na mnyama. Kwa kemikali hizi mbili, njia inayokubalika ni mikrowevu maalumu ya maabara inayosimamisha vimeng'enya papo hapo. Asiyekuwa nayo ni bora achague kemikali nyingine. Kwa dopamini, serotonini na noradrenalini, gandisha haraka, hifadhi katika nyuzi −80 za Selsiasi, saga katika asidi ya pakloriki iliyopozwa, na usiyeyushe na kugandisha tena.

Kotikosteroni, homoni ya msongo, kwa kawaida hufikia kilele karibu na muda wa taa kuzimwa kwa panya na vipanya, yaani kabla ya kuamka kwao. Lakini pia hupanda ndani ya dakika 3 hivi baada ya mnyama kushtuliwa. Kama wanyama 5 wa kizimba kimoja walichukuliwa mmoja baada ya mwingine, panga matokeo kwa mfuatano wa kuchukuliwa; kiwango kikipanda kutoka wa kwanza hadi wa tano, umepima hofu. Angalia pia siku za kubadilisha matandiko ya vizimba na saa za kelele, zikiwemo sauti za juu mno ambazo sikio la binadamu halizisikii ila panya huzisikia, kama zile zinazotolewa na baadhi ya vifaa vya umeme. Kwa majike, andika siku ya mzunguko wa uzazi, ambao huchukua siku 4 hadi 5.

Dalili: mdundo hutoweka wanyama wanapowekwa gizani mfululizo

Hii yaweza kuwa habari ya kweli. Kuna mabadiliko yanayosababishwa na mwanga wenyewe moja kwa moja. Kwa mfano, taa humtuliza kipanya hata kama saa yake ya mwili imeharibika. Jaribio la giza la kudumu hufanywa kwa kusudi hilohilo la kutenganisha kazi ya taa na kazi ya saa ya mwili, iliyoko katika kiini cha suprakiasmati ndani ya haipothalamasi, penye neva zipatazo 20,000.

Hata hivyo kuna mtego. Gizani, kila mnyama hufuata saa yake mwenyewe, na saa hiyo haina saa 24 kamili. Kipanya mwenye mzunguko wa saa 23.7 huwahi kwa dakika 18 kila siku; baada ya siku 14 atakuwa amesogea kwa saa 4 na dakika 12. Jirani yake mwenye mzunguko tofauti kidogo atakuwa mahali pengine. Ukiwachukulia sampuli wote kwa saa ya ukutani, vilele vyao vitafutana, na wastani utanyooka ingawa kila mnyama ana mdundo mzima. Ama chukua sampuli katika siku ya pili ya giza, kabla hawajaachana sana, ama mpangie kila mnyama muda wake kwa kufuata rekodi yake ya gurudumu.

Chakula nacho kisisahauliwe. Wanyama wanaolishwa mchana pekee hugeuza saa za ini na viungo vingine huku saa kuu ya ubongo ikibaki imefuata mwanga, hivyo kemikali zinazotegemea mlo zinaweza kuelekea upande mmoja na melatonini upande mwingine.

Dalili katika mikrodayalisisi: viwango hushuka polepole, au kilele huchelewa

Kuingiza kichunguzi ubongoni ni jeraha, na viwango vya saa za mwanzo ni vya jeraha hilo. Kwa kawaida husubiriwa siku nzima. Kisha, siku zinavyopita, tishu huzunguka kichunguzi na kupunguza kinachovutwa. Rekodi ya siku moja pekee haiwezi kutofautisha mteremko huo na nusu ya mdundo. Rekodi kwa saa 48 uone kama kiwango hurudi kilipokuwa. Kuhusu kuchelewa, pima ujazo wa mrija wa kutolea: mrija wenye mikrolita 20, kwa mwendo wa mikrolita 1 kwa dakika, hukuletea habari za dakika 20 zilizopita.

Dalili: takwimu zinakataa mdundo unaoonekana kwa macho, au zinakubali usioonekana

Kupima mara mbili kwa siku hakutoshi kamwe. Chukulia kemikali yenye kilele ZT0 na kiwango cha chini ZT12, nawe umepima ZT6 na ZT18: nyakati zote mbili kemikali iko kwenye wastani wake, na utaandika kwamba haibadiliki. Vipimo vya kila saa 4 ni kiasi cha chini ninachokishauri, na kila saa 2 kwa siku 2 ni bora zaidi pale wanyama na fedha vinaporuhusu. Njia ya kosaini, yaani ya kulinganisha vipimo na wimbi la kihisabati, iliyoenezwa na Franz Halberg, yule aliyebuni istilahi ya midundo ya takriban siku moja mwaka 1959, hulazimisha umbo la wimbi laini. Melatonini ya panya, inayokaa chini mchana kutwa na kuruka usiku, hailingani na umbo hilo, na makadirio ya kilele chake hupotoka.

Angalia pia mpangilio wa mashine. Sampuli zote za mchana zikipimwa Jumatatu na za usiku Alhamisi, mabadiliko ya kigunduzi kati ya siku hizo yatajigeuza kuwa tofauti ya mchana na usiku. Changanya mpangilio kwa bahati nasibu, na mpimaji asijue ZT ya kichupa alichoshika.

Ukishakagua haya yote, na rekodi za gurudumu za wanyama walewale zikaonyesha mdundo ulio wazi, na kotikosteroni yao ikapanda karibu na ZT12 inavyostahili, lakini kemikali unayoichunguza ikabaki imenyooka, basi kunyooka huko ndiko matokeo. Yachapishwe hivyo, pamoja na ZT ya kila sampuli, ukoo na jinsia ya wanyama, na kiwango cha mwanga kilichopimwa ndani ya vizimba mchana na usiku.